Nilivyouzuia umoja wetu wa bodaboda usigeuke tawi la chama

Kampeni za 2020 Mbeya Mjini zilikuwa za moto. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, wa CHADEMA alikuwa anatetea kiti alichokikalia tangu 2010, na Dk. Tulia Ackson anakitaka kwa tiketi ya CCM. Mimi nilikuwa katibu wa umoja wa bodaboda wa kijiwe chetu, na kila aliyegombea chochote, hata udiwani, alitutaka. Msururu wa pikipiki unaopiga honi nyuma ya gari la mgombea unavuta macho kuliko hotuba.

Shida ni kwamba kijiweni kuna watu wa vyama vyote na wasio na chama kabisa. Kinachotuunganisha ni faini za barabarani, mahali pa kuegesha, na mikopo ya halmashauri. Basi. Chama hakiwezi kuishi kwa hayo. Kinatafuta dola, kwa hiyo lazima kiwe na neno la kumwambia mkulima wa Uyole, mama wa sokoni Mwanjelwa, na mwenye daladala anayeamini tunamwibia abiria. Ahadi inayotufurahisha sisi inaweza kumkera huyo wa daladala. Sisi dola hatuitafuti, na sheria za nchi haziruhusu mgombea binafsi: mweka hazina wetu alipotaka udiwani ilibidi atafute chama kwanza. Tulimtakia heri, akakabidhi daftari la fedha kabla ya kuchukua fomu.

Mtihani mkubwa ulikuwa mafuta. Kijana wa kampeni alinifuata jioni: "Katibu, wese lipo, ila vijana wako wavae reflekta za umoja." Pesa ya mafuta kwa dereva mwenye hesabu ya bosi si jambo la kudharau, na sikuwa na ubavu wa kuwakataza watu wazima. Tukakaa kikao, kikali kweli, tukakubaliana: anayetaka kwenda kwenye msafara aende kwa jina lake, reflekta ya umoja aiache nyumbani. Bendera ya chama chochote isitundikwe kijiweni. Wapo walioniita mpinzani, wengine wakaniita kada. Nikajua nimesimama katikati.

Kisha tukaandika madai yetu kwenye karatasi moja, na kila mgombea aliyefika alipewa nakala ileile. Hatukumwahidi mtu kura, maana kura za wanachama si mali ya katibu.

Suala la faini lilikuwa kilio cha bodaboda nchi nzima. Juni 2021, kwenye bajeti ya 2021/22, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alipendekeza faini ya pikipiki na bajaji ishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Kijiwe kililipuka kwa shangwe. Ya maegesho ilibidi tuihangaikie wenyewe.

Baada ya uchaguzi madiwani walikuwa karibu wote wa CCM. Nilidhani mambo yangenyooka, kumbe mabishano yanahamia kwenye kikao cha chama kinachotangulia baraza. Kule katibu wa bodaboda haingii hata akiwa na barua yenye mihuri mitatu. Hapo ndipo uhuru tuliowaachia wanachama ulipotusaidia: wenzetu wenye kadi walilisema jambo letu kwenye vikao vya tawi na kata, wakiwa wana-CCM halali, huku mimi nikipeleka barua Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani yuleyule. Akalisikia kwa masikio mawili. Wenzetu wa upinzani nao hawakukaa kimya. Waliliuliza kwenye mikutano ya mtaa, na diwani hakupenda waonekane ndio wanaotusemea.

Kwenye mikopo tuliacha siasa kabisa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imo kwenye sheria tangu 2018, nne kati ya hizo za vijana, kwa hiyo tulisajili kikundi na kujaza fomu kama wengine.

Maegesho yalipokubaliwa, diwani aliyataja mkutanoni kama kazi yake. Tulimpigia makofi. Wiki hiyohiyo kiongozi wa upinzani wa mtaa akapita kijiweni kutukumbusha kwamba wao ndio waliouliza kwanza. Naye tukamshukuru, akapakiwa kwenye pikipiki, akalipa nauli yake kama abiria mwingine.