Walipanda jukwaani wasishuke

Kwetu Tanga ukitaja panki, kinyozi anashika mashine. Ni mtindo wa nywele, basi. Nilifika Manchester ndipo nikajua kuna muziki wa jina hilo, na aliyenifundisha ni mzee ninayemhudumia nyumbani kwake asubuhi nne kwa wiki. Namwita Babu, naye ameshazoea kuitikia. Miguu imemkataa, lakini nikimvisha soksi vidole vyake huwa vinapiga gitaa la besi hewani.

Hadithi yake huanzia 1976. Vijana wawili waliokuwa wakisoma Bolton, Howard Devoto na Pete Shelley, walisafiri hadi karibu na London kuiona bendi ya panki, Sex Pistols, kisha wakawaalika waje kupiga Manchester. Tarehe 4 Juni wakakodi ukumbi mdogo wa ghorofani katika jengo la Free Trade Hall, kiingilio peni 50. Bendi yao wenyewe, Buzzcocks, ilitakiwa ipige usiku ule lakini haikuwa tayari. Watu walioingia walikuwa wachache mno. Babu hakuwemo, na hapendi kabisa wanaodai walikuwemo. Yeye aliingia safari ya pili, tarehe 20 Julai, na mara hiyo Buzzcocks walipiga.

Anasema aliyasikia makosa yao yote, akajiambia: kumbe hata mimi. Peter Hook, ambaye alikuwepo Juni, kesho yake alikwenda kununua gitaa la besi bila kujua kulipiga. Yeye na rafiki yake Bernard Sumner ndio waliokuja kuanzisha bendi ya Joy Division.

Niliposikia hayo mara ya kwanza nilibaki na soksi mkononi. Mimi nimekulia kwenye taarabu, na kwetu mshabiki hakai kimya. Unanyanyuka na noti yako, unakwenda kwa madaha hadi mbele, unamtunza mwimbaji, na ubeti uliouinukia ukumbi mzima unaelewa umemlenga nani. Wimbo ule kwa dakika moja unakuwa wako. Lakini ukishatunza unarudi kitini, jukwaa lina wenyewe. Nilipokuwa na miaka 17 nilitaka kuimba. Kiongozi wa kikundi kimoja akanisikiliza mistari miwili, akaniambia sauti yangu ni ya jikoni. Sikurudi tena, na mpaka leo harusini huwa natunza tu.

Hawa washabiki wa 1976 walikwenda mbele wasirudi kitini. Siouxsie Sioux alikuwa miongoni mwa vijana waliowafuata Sex Pistols kila walikopiga. Mwezi Septemba kulikuwa na tamasha la siku mbili 100 Club, Oxford Street, London, akapanda na wenzake bila hata wimbo mmoja waliouandaa. Wakairefusha sala ya Kikristo kwa kelele kwa takriban dakika 20, huku nyuma kwenye dramu amekaa Sid Vicious, ambaye hakuwa mpiga dramu. Mimi sala ya watu kufanyiwa hivyo siipendi, na Babu nilimwambia. Ila ujasiri ule wa kupanda ukiwa hujui, nauonea wivu. Miezi michache baadaye Sid mwenyewe, mshabiki wa Sex Pistols, akaingizwa Sex Pistols. Mark Perry, karani wa benki, alianza mwaka huohuo 1976 kutoa kijarida chake cha panki, Sniffin' Glue, kwa mashine ya fotokopi, kisha naye akaunda bendi.

Ninayempenda kuliko wote ni Poly Styrene. Baba yake Msomali, mama yake mzungu, na nilipoiona picha yake nikaona sura ya mabinti ninaowafahamu. Aliwaona Sex Pistols mjini Hastings 1976, akatoa tangazo gazetini kutafuta vijana wa kupiga naye, bendi ikawa X-Ray Spex. Aliimba na vyuma vyake vya meno, sauti juu, hakuna aliyeweza kumwambia ni ya jikoni. Tarehe 30 Aprili 1978 alipanda jukwaa la Victoria Park, London, kwenye tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi, mbele ya maelfu ya watu.

Kuna jambo moja tu Babu hajaniridhisha. Washabiki wale walikuwa wakiwatemea mate waimbaji, eti ndiyo kuwapenda. Kwetu unayempenda unambandika noti, unampulizia marashi. Babu anasema pesa hawakuwa nazo. Nikamwambia hata kigelegele ni bure. Akanyamaza kidogo, akaniomba nimwoneshe kinavyopigwa. Nilipiga, jirani akagonga ukuta.

Bendi ya Babu mwenyewe ilipiga mara tatu, ikafa. Gitaa lake limebaki chini ya kitanda, na wiki iliyopita akaniagiza nilivute. Nyuzi zimebaki mbili. Alinikalisha pembeni ya kitanda, akanishika kidole cha shahada na kukiweka pale panapotakiwa, akaniambia nigonge. Ilitoka sauti mbaya, nikataka kumrudishia.

Hakulipokea. "Tena," akasema.