Mzee wa Maracanã na vizibo vyake

Rio de Janeiro inakula hela. Dereva wa teksi aliyenitoa uwanja wa ndege wa Galeão alinizungusha mpaka nauli ikawa mara mbili ya ile niliyotajiwa, na chumba nilicholipia bei ya hoteli kubwa ya Dar kilikuwa na feni inayokoroma usiku kucha. Copacabana nimeiona. Sanamu ya Kristo mlimani ilifunikwa na mawingu. Mimi nilifuata uwanja wa mpira wa Maracanã.

Nje ya uwanja ipo sanamu ya Bellini, nahodha wa Brazil wa 1958, kombe kaliinua juu. Hapo chini aliketi mzee mwenye jezi ya Botafogo, klabu ya hapo Rio, iliyopauka hadi mistari myeusi imekuwa kijivu. Nikamwamkia kwa Kireno nilichookota Pemba, Msumbiji, enzi za biashara. Akaniuliza nimefuata nini. Nikamjibu: Zagallo, yule winga wa Brazil aliyegeuka kocha.

“Kaa hapa, mwanangu,” akasema, akapangusa vumbi pembeni yake.

Nilikaa mpaka jua likazama. Alianza na tarehe 16 Julai 1950. Baba yake alikuwa ndani ya uwanja huo siku Brazil ilipohitaji sare tu iwe bingwa wa dunia, Uruguay ikashinda 2-1. Mario Zagallo naye alikuwamo, kijana wa miaka 18 aliyevaa sare za jeshi, kapangwa kulinda usalama majukwaani. Aliwaona watu wazima wakilia kama wamefiwa. Miaka minane baadaye askari yule alifunga bao katika fainali kule Sweden, Brazil ikishinda 5-2, na 1962 akatwaa kombe tena Chile.

Kisha mzee akatoa vizibo vya soda mfukoni, akavipanga sakafuni. Mbele wanne. “Huyu wa kushoto ndiye yeye.” Akakivuta kizibo nyuma taratibu kwa kidole kimoja mpaka kikakaa na viungo wa katikati ya uwanja. Wakati ule winga kazi yake ilikuwa kusubiri mpira, lakini Zagallo alishuka kumsaidia beki, kisha akapanda tena, dakika zote tisini. Walimwita Formiguinha, yaani sisimizi mdogo. Garrincha, winga wa kulia, alicheza anavyotaka kwa sababu kushoto kulikuwa na mtu anayefanya kazi ya watu wawili.

Mzee akakiinua kizibo kilekile. “Sasa ni 1970. Mwite Rivelino.” Zagallo alikuwa amepewa timu miezi michache tu kabla ya mashindano, baada ya kocha João Saldanha kuondolewa. Akamweka Rivelino, fundi wa mguu wa kushoto, kwenye nafasi aliyoicheza yeye mwenyewe. Brazil ikaifunga Italia 4-1 Mexico, na Zagallo akawa mtu wa kwanza duniani kutwaa Kombe la Dunia akiwa mchezaji na akiwa kocha. Nimesoma habari zake tangu utotoni, lakini hilo la Rivelino sikuwahi kuliona mpaka lilipopangwa mbele ya miguu yangu.

Fainali ya 1998, waliyofungwa 3-0 na Ufaransa, mzee hakutaka kuisema. Alisema tu kwamba Zagallo alifariki Januari 2024 akiwa na miaka 92, na siku hiyo hakutoka ndani.

Siku zilizobaki zilipita bila la maana. Kwenye ndege nilimfikiria Abdallah Kibadeni. Huyu alifunga mabao matatu Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977, kisha 1993, akiwa kocha, akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Sare 0-0 Abidjan, halafu Stella ya Ivory Coast wakatufunga 2-0 nyumbani. Nilikuwa mtoto Temeke. Jioni ile mtaa mzima ulizima redio, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Sisi pia tuna fowadi wetu aliyegeuka kocha, na tuna kilio chetu. Ila mwanangu anamjua Zagallo, Kibadeni hamjui, na hilo linaniuma kuliko nauli ya Galeão. Wazee waliomwona akicheza bado wapo Kariakoo, Magomeni na Temeke. Wafuatwe sasa, wakiwa na nguvu za kusimulia, warekodiwe, na nje ya Uwanja wa Mkapa isimamishwe sanamu yake ili mtoto aulize huyu ni nani.