Daftari la maneno ya Kibantu: wiki ya sita, na neno "fua"

Daftari limefika maneno 112 kati ya 200 niliyojipangia. Safu ni tano: Kiswahili, Kigiriama, Kikuyu, Kizulu na Kiduala cha Kamerun. Kiduala nimekiweka makusudi. Mtaalamu wa lugha Malcolm Guthrie alihesabu maneno ya kale yaliyohifadhiwa akaona kitovu cha Kibantu, yaani mahali lugha hizi zilipoanzia, kiko kusini mwa msitu wa Kongo. Mwenzake Joseph Greenberg akatazama lugha zenye undugu na Kibantu zinapatikana wapi, akaelekeza kwenye mpaka wa Nigeria na Kamerun. Wengi leo wako upande wa Greenberg, nami pia: safari ya wasemaji wa Kibantu ilianzia kule, kwenye mpaka wa Kamerun, miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita.

Mbuzi nimemmaliza Jumatatu. Kizulu imbuzi, Kikuyu mbũri, Kiduala mbodi. Hiyo mbodi nilitaka kuifuta nikidhani ni neno jingine kabisa. Kumbe ni lile lile: d ya kale kwetu imekuwa z, kwa Wakikuyu r, na Waduala wamebaki na d yao. Tangu hapo siyaamini macho yangu peke yake. Undugu wa lugha unashikwa kwa badiliko linalojirudia neno baada ya neno.

Badiliko la namna hiyo nililisikia mlangoni. Mama anayetuuzia mahamri alikubali kunihesabia kwa Kigiriama. Kwenye tatu akasema hahu, nikaandika: t imekuwa h. Kwenye saba akasema fungahe, kalamu ikasimama. Rudisha t mahali pake upate fungate, zile siku saba za maharusi! Sita, saba na tisa tulizichukua kwa Waarabu, lakini saba yetu ya zamani ilibaki harusini. Tisa ya zamani nayo, kenda, imo ndani ya jina Mijikenda, miji tisa, na Mkikuyu akihesabu leo bado anasema kenda. Nilimshukuru yule mama mara tatu, naye akaniambia, "Mwanangu, hayo tunayasema kila siku."

Sasa kosa langu. Wiki ya tatu niliandika kando ya neno "fua" kwamba waliotoka Kamerun walitoka wakijua kufua chuma. Ushahidi niliuona mzito: mhunzi kwa Kikuyu ni mũturi, na t ya Kikuyu hapo ndiyo f yetu, kwa hiyo shina ni moja na ni la kale sana. Lakini akiolojia inakataa. Wahamiaji wa kwanza walikuwa na shoka za mawe, vyungu, viazi vikuu na michikichi. Chuma kilikuja baadaye mno. Huku kwetu, vyungu vya kale vya mtindo uitwao Urewe karibu na Ziwa Viktoria, vinavyoandamana na mabaki ya tanuri za chuma, ni vya takriban miaka 2,500 tu.

Nilikaa na tatizo hilo siku nne. Ijumaa shangazi akaniita jikoni: "Njoo unifulie nazi, mkono unaniuma." Nikiwa nimeishindilia nazi kwenye kifuo, ule mti wenye ncha wa kuambulia makumbi, ndipo nikasikia alichosema. Tunafua nazi, tunafua nguo, tunafua chuma. Kote ni kupiga kwa nguvu! Wataalamu walikwisha kueleza kwamba shina hili huenda lilimaanisha kupiga tu, na wahunzi walipokuja wakalitwaa kwa kazi yao. Basi neno linaweza kuwa kongwe kuliko chuma, na haliwezi kunipa tarehe ya chuma.

Nimefuta maandishi ya wiki ya tatu na kuandika: "kupiga, chuma baadaye". Itanibidi nipitie upya kila neno la ufundi nililoliwekea tarehe kwa njia hiyo. Nimehesabu kumi na manne, naanza na la ufinyanzi, finyanga. Safu ya Kizulu itasubiri, maana vile vidoko, sauti za kualisha ulimi, walivyopata kwa Wakhoisan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, bado sijajua nitaviandikaje.