Barbara Castle na Watu 11 wa Hola

Sisi tuliosomea Pwani twaijua Hola, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaomtaja Barbara Castle, mbunge wa chama cha Labour aliyeiwakilisha Blackburn katika Bunge la Uingereza tangu 1945 hadi 1979, na ambaye kwa maoni yangu anastahili kukumbukwa Mombasa kabla ya London.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, watu waliowekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau walikataa kazi ya shokoa, wakapigwa na askari kwa marungu hata 11 kati yao wakafa. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Mtu yeyote aliyewahi kushuka basi Hola mwezi wa Machi, jua likiwa utosini, ataelewa ukatili wa uongo huo, kwani maji ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu huyatamani pale.

Castle hakulipokea suala hili kama habari ngeni. Mwaka 1955 alikuwa amekuja Kenya kufuatilia kisa cha Kamau Kichina, aliyepigwa hadi kufa mikononi mwa polisi, na tangu hapo hakuacha kuwauliza mawaziri maswali waliyotamani yasiulizwe. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 alisimama bungeni kuwatetea marehemu wa Hola, ilhali hakuna mtu wa Tana ambaye angeweza kumpigia kura hata moja. Hicho ndicho kipimo ninachompimia mwanasiasa.

Baadaye alipanda vyeo. Akiwa Waziri wa Uchukuzi kuanzia 1965, na yeye mwenyewe hana leseni ya udereva, alileta kipimo cha pumzi kwa madereva walevi na kuufanya mwendo wa maili 70 kwa saa kuwa kikomo cha kudumu. Tunaozikumbuka sheria za matatu za 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, twaweza kukisia lawama alizozipata. Baada ya mafundi cherehani wa kike wa Ford kule Dagenham kugoma mwaka 1968, aliipitisha Sheria ya Malipo Sawa ya 1970. Mpango wake wa 1969 wa kudhibiti migomo ulipingwa na vyama vya wafanyakazi na hata na wenzake serikalini, akiwemo James Callaghan, ambaye alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1976 alimfuta kazi.

Hakustaafu. Alikaa katika Bunge la Ulaya kwa miaka 10, akaingia Baraza la Malodi mwaka 1990, na hadi alipokaribia umri wa miaka 90 alikuwa bado akiibana serikali ya chama chake mwenyewe iwaongezee wazee pensheni.