Freddie bila ya Queen

Leo jioni nimekaa barazani, hedifoni masikioni, nikasikiliza albamu mbili alizozifanya mwimbaji Freddie Mercury nje ya Queen, bendi yake ya roki ya Uingereza.

Huku Unguja tunamjua kwa kuwa ni mzaliwa wa hapa, 1946, Farrokh Bulsara. Kwa ajili yake wageni wanapiga picha kila siku Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe. Lakini tukipiga nyimbo zake redioni ni zilezile za bendi.

Mr. Bad Guy ya 1985 ni ya kuchezea, vinanda vya umeme vimejaa. Nzuri, ila haikunikaa sana.

Barcelona ya 1988, jamani!

Montserrat Caballé, yule bibi wa opera wa Hispania, akipandisha sauti, Freddie hashindani naye.
Anampisha.
Anasubiri, halafu anaingia taratibu, wanapanda pamoja.

Pale nimeparudia mpaka mwili ukanisisimka. Mtu aliyezoea kuutawala uwanja mzima, hapa anamsikiliza mwenzake kwanza. Na wallahi kwangu mimi hajapata kuimba vizuri kuliko hapo.

Wapenzi wa Queen, mmeshaisikiliza Barcelona yote? Niambieni wimbo gani unakuguseni zaidi, nauanza usiku huu huu.