Siku yangu kati ya wanga na manjano

Saa kumi na moja alfajiri. Hapa Kadutu, mjini Bukavu, bado kuna giza, nami nimeshainama juu ya beseni. Jana jioni nilikwangua mihogo sita, nikaikamua na maji kwa kitambaa cha zamani, na maji yale yamelala usiku kucha. Sasa namwaga ya juu polepole. Chini umebaki wanga mweupe kama chokaa. Nikiugonga kwa kidole unakaza kama ukuta. Nikiuacha, unateleza kama maziwa. Mama yangu aliutumia kunyosha kola za baba. Mimi, mwalimu wa watoto wadogo, nachezesha nao watoto, na kulipwa nalipwa.

Mihogo huwa nauliza sokoni mara mbili kama ni mitamu. Ile michungu ina sumu ya sianidi, na mtoto wa miaka mitatu atalamba tu vidole, hata umkataze mara ishirini.

Saa moja. Mvua imenyesha usiku, udongo wa mlimani unateleza kama sabuni. Kati ya watoto kumi na wanne wamefika sita.

Saa mbili, unga wa kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, na mafuta kijiko kimoja. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akasimama mlangoni. "Mwalimu, mnachezea chakula, na wengine wamelala njaa?" Nikamwonyesha fukusi ndani ya unga, mwenye duka huniuzia kwa bei ya kutupa. Akaguna, akaondoka. Chumvi inauzuia unga kuoza upesi, kwa hiyo nautumia siku nyingi ndani ya kopo lenye kifuniko. Lakini mchele na maharage siwapi tena watoto wachezee. Hapo bibi ameshinda.

Saa nne ni zamu ya ute wa kuchezea, ule unaovutika. Ule wa kwenye video za simu ni gundi nyeupe na boraksi, unga mweupe wa kufulia: boraksi inashikanisha minyororo ya gundi mpaka inakuwa kitu cha kuvutika. Boraksi siingizi hapa. Inawasha ngozi, na ikimezwa ni balaa. Mimi nachemsha wanga kwa moto mdogo, nakoroga bila kuacha mpaka weupe unapotea na kubaki kitu kama kioo kizito. Leo niliacha mwiko kidogo tu, kuwaamua wawili waliogombania kikombe. Kurudi, mabonge matupu.

"Macho ya samaki!" Watoto wakayanyang'anyana. Ute wangu mzuri wa juzi haukushangiliwa hivyo.

Saa tano nikatia manjano, kile kiungo cha mchuzi, kwenye wanga mbichi. Mikono yote kumi na miwili njano tupu, raha tele. Kisha nikawapeleka kunawa kwa sabuni, na mikono ikageuka myekundu. Mmoja akapiga yowe, wengine wakamfuata. Mama yake, aliyekuja kumchukua mapema, alisikia toka njiani akaingia mbio, akadhani ni damu.

"Si damu, mama. Manjano yakikutana na sabuni yanakuwa hivi." Nikakamulia limau kwenye kiganja cha mtoto. Njano ikarudi. Akakitazama kiganja, akanitazama mimi.

"Na jioni nikimwogesha?"

"Mekundu tena, mama."

Akaomba limau lililobaki.

Saa kumi na mbili jioni, nakwangua mihogo ya kesho. Kidole gumba changu bado chekundu.