Masikio ya Assisi: wiki ya sita

Jumamosi usiku. Masikio kumi na tisa niliyonakili kutoka picha za kanisani yamekamilika, yametandazwa mezani kwenye karatasi nyembamba za kunakilia. Mama watoto kapita, katikisa kichwa, kaenda zake kulala.

Nilianza hivi. Kanisa la juu la Mtakatifu Fransisko, Assisi, Italia, lina picha 28 za maisha yake, zilizochorwa juu ya lipu mbichi. Vasari, mwandishi wa karne ya 16 wa maisha ya wasanii, aliandika kuwa ni za Giotto, mchoraji mashuhuri wa Florence. Federico Zeri, mwanahistoria wa sanaa, akabisha. Yeye aliuona mkono wa Kirumi, wa mchoraji Pietro Cavallini. Nikajiambia nitauamua ugomvi huo kwa njia ya Giovanni Morelli, msomi wa karne ya 19 aliyefundisha kwamba mchoraji hujisahau kwenye masikio na kucha, ndipo mazoea yake yanapoonekana.

Leo nimeona nilipopotea. Bruno Zanardi, fundi aliyezifanyia ukarabati picha hizo akiwa juu ya jukwaa, alionyesha kuwa vichwa vingi vilitolewa kwenye vigezo vilivyokatwa kwa umbo la kichwa, kigezo kimoja kikirudiwa ukutani mara nyingi. Basi mstari wa uso niliounakili huenda ni wa kigezo tu, si wa mtu! Isitoshe, picha zangu ni za vitabuni, kila moja imekuzwa kivyake. Nimelinganisha ukubwa bila kipimo. Wiki sita.

Kinachonitatiza zaidi kiko makumbusho ya Louvre, Paris: ubao uliochorwa, wenye jina la Giotto, na chini yake visa vitatu vinavyofuata mpangilio wa Assisi, kikiwemo kile cha mahubiri kwa ndege. Wanaomtetea Giotto huushika sana ubao huo. Sawa, lakini mimi nimechora mabango miaka minane. Jina la bosi lilikaa pembeni hata siku ambazo bosi hakufika kabisa, na brashi tulishika sisi vijana.

Kwa hiyo masikio nimeyafunga kwenye bahasha. Zanardi alitenganisha mafundi kwa namna walivyojenga rangi ya ngozi, na huko ndiko ninakoelekea: mashavu. Nimechagua nyuso tatu za Assisi, mbili za kanisa la Scrovegni kule Padova, ambalo ni la Giotto bila ubishi, na moja ya Cavallini kutoka Santa Cecilia, Roma. Ile ya Roma nakala yangu ina ukungu, mipigo ya brashi haionekani. Natafuta nyingine kabla sijagusa penseli.